Pale Ulipoandika Hapana

Mwanangu Somoe,

Salamu tumepeana tangu alfajiri na kesho tutapeana nyingine, kwa hiyo nisikuchoshe kumuulizia hali mtu niliyempikia chai leo leo. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, umesema utarudi kabla ya magharibi. Nimeswali alasiri, nikachukua daftari lako la kidato cha pili, hili lenye kurasa tupu nyingi huku nyuma, nikakaa nalo jikoni. Mwandiko wangu unaujua. Ni wa darasa la nne na haujakua tangu hapo. Usome polepole.

Mambo ya nguo na chakula na ukae na nani kwenye basi sitaandika. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, hata redio huwa inapumzika." Ninaandika jambo moja tu, ambalo mdomo wangu umeshindwa kulitoa tangu ukiwa mchanga.

Hukuanguka, Somoe.

Ile habari kwamba ulikuwa na mwaka mmoja na nusu, unamkimbiza kuku wa bibi yako, ukajikwaa kwenye kizingiti ukaumia meno, niliitunga mimi. Nimeisimulia mara nyingi hata kuku mwenyewe nimempa rangi. Chonge yako ya chini, ya kulia, haikuota, na ya kushoto imeota imelala upande, ya kahawia kama ganda la korosho, si kwa sababu ya kizingiti. Ulichimbwa. Ulitolewa meno ya plastiki ukiwa na miezi sita, na aliyekushika kichwa ni mimi.

Sasa nimeshaandika. Nimeinuka nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, nimerudi.

Nataka ujue ilivyokuwa. Sitaki unionee huruma, nataka tu usije ukaipata vipande vipande kwa watu.

Kabla yako alikuwapo kaka yako, Issa. Jina lake unalijua, kaburi lake unalijua. Alikufa na miezi saba, kwa homa na kuharisha, siku tatu tu. Hata matanga hayajaisha, wanawake waliokuja kunipa pole walikuwa wanasemezana pale pale ubarazani, nami nasikia. Mmoja akasema, "Mtoto alikuwa na plastiki yule. Fizi zilivimba mama anaangalia tu." Mwingine akamjibu, "Wasichana wa siku hizi wanajua kuzaa, kulea hawajui." Nilikuwa na miaka ishirini. Maneno yale nilikaa nayo kuliko nilivyokaa na kilio. Nikaamini kwamba mwanangu kafa kwa uzembe wangu, kwamba jino baya lilikuwa kinywani mwake na mimi sikulitoa.

Basi ulipozaliwa wewe nilikuwa nakufungua kinywa kila asubuhi. Bibi yako ananitania, "Unamkagua kama mnunuzi wa ng'ombe." Mimi sicheki.

Ulipofika miezi sita ukaanza kuchemka. Baba yako alikuwa kwenye dungu akilinda shamba la ufuta, mwendo wa siku nzima kwa mguu wakati ule. Nikakupeleka zahanati. Nesi alikuwa mpole, akakupa dawa ya kushusha homa, akaandika kwenye kadi, akaniambia maneno haraka haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, kisha akaniuliza, "Umeelewa, mama?" Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Kwenye kadi, nilikuja kusomewa baadaye, aliandika kwamba vipimo vya damu vimeisha pale, nikupeleke hospitali kubwa siku ile ile ukapimwe. Mimi mwandiko ule wa kuunganisha sikuweza kuusoma, na nyuma yangu walikuwa wamesimama akina mama walionijua. Nikaona haya kusema nisomee. Nikaikunja kadi nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Somoe, huko chuoni unakokwenda watasema mambo usiyoyaelewa, na watauliza kama umeelewa, na wenzako watakuwa wameshatikisa vichwa. Mimi siku ile nilitikisa kichwa mara moja tu. Sina zaidi la kukwambia hapo.

Nilipofika nyumbani bibi yako akanyoosha mkono apewe mtoto, akakushika kipaji cha uso, akasema, "Huyu ana homa ya mbu. Mpeleke hospitali ya Masoko wakampime damu." Yeye hajui hata kuandika jina lake, lakini alisema hivyo. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia, "Mama, mjukuu mmoja umeshamzika. Unataka na wa pili?" Akakaa chini akaendelea kuchambua mchele.

Nikakubeba nikaenda kwa yule mama aliyekuwa anatoa meno. Jina lake sikwambii, ameshatangulia mbele ya haki, na hakunivuta kwa kamba. Alikuwa mtu mwema, naomba uliamini hilo. Alinikaribisha, akanipa maji, akakufungua kinywa akasema, "Haya hapa. Umechelewa kidogo lakini tutayawahi." Maneno yale yaliniingia kama dawa. Tutayawahi. Kwa Issa sikuwahi.

Alitumia kipande cha spoku ya baiskeli, kimenolewa ncha. Alikipitisha kwenye moto, akakipaka chumvi. Akasema, "Mshike kichwa, usimwonee huruma, huruma ndiyo inayoua watoto." Nikakushika. Nilikubana kati ya mapaja yangu, viganja viwili huku na huku, na ulikuwa unanitazama. Mpaka mwisho ulikuwa unanitazama mimi, humtazami yeye. Damu ilikuwa nyingi. Akaniwekea kiganjani vitu viwili vyeupe, vidogo, laini kama nazi changa. "Ona," akasema. "Ndiyo plastiki yenyewe. Mwanao kapona."

Nikashukuru. Nilimbusu mkono, Somoe.

Usiku huo homa haikushuka, ilipanda. Siku ya pili ufizi ukavimba ukawa mweusi. Siku ya tatu hukuweza kunyonya. Bibi yako alikwenda mwenyewe barabarani akasimamisha gari la mkaa, akarudi kuniita. Tukapanda juu ya magunia mpaka hospitali. Daktari akafungua kinywa chako. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani kamchimba mtoto?"

Nikasema, "Aliangukia kijiko."

Bibi yako alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama, nikamkazia macho, akatazama chini. Kwa sababu nilisema kijiko, wakaanza na malaria, ambayo kweli ulikuwa nayo, wakakupa dawa yake. Uchafu ulioingia kwenye damu kwa ile spoku ulipata siku mbili nzima bila mtu kuufuata. Siku ya tatu daktari yule akarudi, akatoka nami nje, akasema, "Mama, sikuulizi ili nikufunge. Nauliza ili nijue nampa dawa gani." Hapo nikasema. Walikubadilishia dawa saa ile ile. Ulilazwa siku kumi na mbili.

Uongo wangu wa kwanza ulikaa siku mbili na nusura ukuue. Ungedhani nilijifunza. Lakini ulipopona hofu ilikwisha, haya ikabaki, na haya haina dawa ya sindano. Baba yako aliporudi, bibi akamwambia yote. Hakunigombeza. Alikaa siku tatu hasemi nami, kisha akasema, "Mtoto akikua utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusemea." Na hajawahi kunisemea. Kila ulipouliza habari ya meno yako mbele yake, alikuwa anainuka anakwenda kumtazama mbuzi.

Meno ya kwanza hayakuonyesha sana, nikadhani Mungu amenisitiri. Yalipokuja ya ukubwani ndipo nikaona. Ulikuwa na miaka kumi, kumi na moja hivi, ukarudi shule unalia kwamba wanakuita Mapengo. Ukaniuliza, "Mama, kwa nini mimi?" Ndipo nikakuletea kuku na kizingiti. Ukaanza kucheka huku umeweka kiganja mdomoni. Mpaka leo unacheka hivyo. Watu wanasema binti yako ana adabu, anaziba kinywa akicheka. Mimi najua ile si adabu.

Sasa nije kwenye jambo la mwaka huu, ambalo ndilo lililonitoa jasho mpaka nikashika kalamu.

Walipokuja wale watu wa chuo kukusanya meno ya utoto yaliyong'oka, wakakuchukua wewe uwaandikie fomu kwa vile umemaliza kidato cha sita na akina mama wanakujua, nilifurahi kama mwenda wazimu. Ukasema utaanza na mama yako, ili wengine wasiogope. Ukaketi hapa hapa, kwenye mkeka, na kalamu yako ya bluu, ukajifanya hunijui. "Jina lako, mama?" Nikakwambia, "Acha utundu." Ukasema, "Mama, nipo kazini." Tukacheka. Ukauliza alinyonya muda gani, aliumwa nini, nikajibu. Kisha ukasoma, "Mtoto aliwahi kutolewa meno ya plastiki?"

Nikasema, "Hapana."

Ukaandika hapana. Hukuinua hata macho. Nikainuka nikaenda kukuletea lile gego lako nililolitunza kwenye kopo la wanja, lile lililong'oka ukakataa kulirusha juu ya bati ukasema umeshakuwa mkubwa. Ukalitia kwenye kifuko, ukabandika namba. Jino la kweli, na karatasi ya uongo, vyote nimekukabidhi kwa mkono mmoja.

Siku chache baadaye mkawakusanya akina mama shuleni, na mimi nilikuja, nikakaa nyuma. Ukasimama ukasema, "Mama zangu, kile cheupe mnachoonyeshwa si plastiki. Ni jino lenyewe la mtoto, halijakomaa. Mkilichimba mnaondoa jino, na mnaumiza na lile lililolala chini yake." Akina mama wakaguna. Mmoja akakuchokoza, "We mwenyewe mbona huna?" Watu wakacheka. Ukasema, "Mimi nilianguka, mama yangu yule pale atawaambia." Wote wakageuka kunitazama. Nikatikisa kichwa kwamba ndivyo.

Nilitembea kurudi nyumbani sijui nilipita njia gani.

Halafu ukaniletea ile picha kwenye simu. Mwalimu wako, yule mkubwa wa wale watu wa chuo, alikuwa amelikata gego lile kwa msumeno mwembamba kuliko unywele, akalitazama kwa hadubini. Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka. Ukasema, "Mama, ona mstari huu. Jino linajengwa tabaka kwa tabaka, na hapa ujenzi ulisimama. Nilikuwa na miezi sita, au saba." Nikakuuliza linasimamaje, jino si mtu. Ukanieleza, nami nilielewa kuliko ulivyodhani. Ulisema kwamba jino linajengwa na chembe hai, ndogo hazionekani kwa macho, na kazi yao ni kutengeneza protini ambayo jino linakuwa juu yake. Mtoto akipatwa na homa kali au uchafu wa damu, zile chembe nazo zinapatwa na dhiki. Zinapunguza kujenga, zinaanza kutengeneza protini za namna nyingine, za kuhimili dhiki. Nikauliza hizo zinafanya nini. Ukatazama mkono wangu ukasema, "Kama hivyo unavyofanya. Mtu akipiga hodi, unaacha kusuka, unaubana ukili kwa kidole cha mguu usifumuke. Zile protini zinazishika nyingine zisifumuke mpaka joto lipite. Ila muda ule husuki, na ukirudi pale pataonekana."

Nikasema, "Kwa hiyo ukitazama jino unaziona hizo zinazoshika?" Ukasema hapana, kwenye jino lililokwisha kukauka hazionekani, unaobaki ni mstari. Zenyewe mnazitafuta maabara, kwenye chembe zinazokuzwa kwenye visahani, mnazipa joto kidogo kidogo muone zinatoa nini. Na kwamba mwalimu amekuahidi, ukishaanza masomo ya meno, utakaa pamoja na wanaofanya kazi hiyo.

Kisha ukasema lile lililonimaliza. "Mwalimu anashangaa, mama. Mstari ni mpana mno kwa malaria peke yake. Anasema kuna kitu kingine hapa hatukijui." Ukanitazama. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Nikaendelea kusuka, na ukili ule niliufumua wote siku ya pili yake.

Mwanangu, mimi sijui mambo ya maabara. Lakini najua daktari alipokosa neno langu alikupa dawa isiyotosha. Mwalimu wako naye amekosa neno langu. Amekaa na mstari mpana na karatasi inayosema hapana, na karatasi ile ina mwandiko wako. Ikiwa kesho watasema homa ya mbu peke yake inaweza kulifanya jino hivi, watakuwa wamesema hivyo kwa sababu mimi niliona haya mbele ya mwanangu. Na wewe utakuwa mmoja wao.

Lipo na jingine, ulijue kabla hujalisikia. Juzi Rehema, binti wa jirani, alipita hapa na kichanga chake mgongoni, kimechemka. Nikamuuliza waenda wapi. Akasema, "Mama mkwe ananituma Kiranje kwa mtu wa meno." Nikamvuta ndani nikafunga mlango. Nikamwambia yote. Spoku, kichwa, siku kumi na mbili. Sikujua kama nina maneno mengi hivyo. Akalia, nikamsindikiza zahanati mwenyewe, nikamwambia nesi aseme taratibu kwa sababu mimi sisomi vizuri. Wakampima, malaria, wakampa dawa ya mseto. Jana kinanyonya.

Lakini kabla hajaondoka Rehema aliniuliza, "Kwa hiyo Somoe anajua?"

Nikasema, "Anajua."

Unaona nilivyo. Nimetoka kusema kweli ya maisha yangu yote, sijafuta hata machozi, nimeibandika na uongo mwingine mpya. Nimemwambia mtoto wa jirani kabla ya mwenye meno yake. Kesho atakuja kukuaga, na anaweza kukushukuru kwa lile jambo, akidhani unalijua.

Sikuombi unisamehe leo. Ukinikasirikia uje unikasirikie hapa, si ukakasirike peke yako kwenye chumba cha watu usiowajua. Nilifikiri kukushonea barua hii ndani ya pindo la begi uikute ukifika. Nimeona hiyo ni kuangukia kijiko tena. Ningekuwa nimesema huku nimekimbia.

Na bibi yako usimlaumu kwa kunyamaza. Nilimkazia macho mwaka ule na kwako ameyaheshimu mpaka leo. Yeye ndiye aliyesimamisha gari.

Ukishaonana na mwalimu wako, mwombe ile fomu yangu. Pale ulipoandika hapana, kata, uandike ndiyo. Kama kuna mahali wanauliza alikuwa na miezi mingapi, andika sita. Kama kuna mahali wanauliza ilikuwa kwa nini, andika mama aliogopa. Na wakitaka kuniuliza wenyewe, nambari yangu wanayo. Nitapokea.

Nakusikia uani. Umeingia, umesema shikamoo, bibi kakuitikia marahaba kisha amekuita mke mwenza, anakuuliza unamwachia nani mume wenu. Unacheka. Hujui kama nipo huku.

Naacha kuandika nikuite.

Mimi mama yako,
Mama Somoe